Binti wa Okayama na Mbio Asizozizoea

Juzi baada ya sala ya Alasiri tulikuwa barazani, sisi watu wa kahawa ya jioni, akatujia jirani yetu mmoja na uso wa mtu aliyebeba mzigo. Binti yake alikuwa amechaguliwa na shule yake kukimbia mbio za mita 800 katika mashindano ya shule, na yeye hakujua atie sahihi ile karatasi ya ruhusa ama airudishe vile vile. Hakuwa na ugomvi na mwanawe. Alichokiogopa ni maneno ya watu.

Kila aliyekuwepo akatoa rai yake, maana baraza haina mtu asiyekuwa na rai. Mmoja akataja sitara, na hilo ni jambo la haki kabisa kuulizwa na mzazi. Mwingine, mzee wetu tunayemheshimu, akasema kwamba yeye shaka yake si nguo bali ni mwili wenyewe. Mbio ndefu namna ile, akasema, humvunja mwanamke, na hata Wazungu waliwahi kuzipiga marufuku baada ya kuona wanawake wakianguka kama nzi.

Nilinyamaza kidogo, kwa kuwa mzee huyo alikuwa amesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni ngumu kuijibu kuliko uongo mtupu. Ni kweli mbio hizo zilipigwa marufuku. Lakini nani alikimbia siku ile, na habari zake ziliandikwaje, hicho ni kisa kingine, nami nilikisimulia pale barazani mpaka kahawa ikapoa. Leo nataka kukusimulia wewe, mpenzi msomaji. Ni maisha ya binti wa Kijapani aitwaye Kinue Hitomi, aliyefariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 24. Na kwa kazi yake ya mkate wa kila siku alikuwa kama mimi: mtu wa gazeti.

KIJIJINI FUKUHAMA

Kinue alizaliwa tarehe 1 Januari 1907 katika kijiji cha Fukuhama, ambacho siku hizi kimemezwa na mji wa Okayama, magharibi ya Japani. Kwao walikuwa wakulima. Mwaka 1920 aliingia shule ya sekondari ya wasichana mjini Okayama, na huko akashika raketi ya tenisi. Tenisi ndiyo iliyomjulisha kwa watu kwanza, wala si mbio.

Msomaji asidhani kwamba Japani ya siku hizo ilikuwa nchi ya kuwashangilia wasichana uwanjani. Binti mwema alitakiwa atulie, ajifunze kushona na kupika, na angoje mume. Kinue alikuwa mrefu, karibu sentimita 170, urefu uliowapita wanaume wengi wa kwao, na mwili wake ulikuwa na nguvu zilizoonekana wazi. Watu walimnong'ona. Wengine waliuliza bila haya kama huyu ni mwanamke kweli. Baba yake naye alisemwa na majirani, ati vipi anamwachia mwanawe aonyeshe mapaja yake mbele ya halaiki. Ndiyo maana kisa hiki kilinijia akilini niliposikia shida ya jirani yetu. Maneno ya watu hayana pwani wala bara, wala hayana Japani wala Kenya.

Mwaka 1923, akiwa na miaka 16, alipelekwa kuiwakilisha shule katika mashindano ya wasichana ya mkoa wa Okayama. Wakati huo alikuwa anaugua maradhi yanayodhoofisha miguu, yale yatokanayo na chakula cha mchele mtupu uliokobolewa, na hakufaa kushindana. Akashindana. Aliruka umbali wa mita 4.67, na hakuna msichana wa Japani aliyekuwa ameruka hivyo kabla yake.

CHUO CHA BIBI NIKAIDO

Walimu wake waliona kwamba huyu si wa kurudishwa jikoni hivi hivi. Mwaka 1924 akapelekwa Tokyo, kwenye chuo kidogo cha mazoezi ya viungo kwa wanawake ambacho bibi mmoja hodari, Tokuyo Nikaido, alikuwa amekifungua miaka miwili tu nyuma. Bibi Nikaido alikuwa amesomea kazi hiyo Uingereza, na alirudi kwao na azma moja: kwamba mwanamke wa Japani afunzwe kuujenga mwili wake na mwanamke mwenziwe aliyesoma, si na sajini wa jeshi. Chuo hicho ndicho kilichokua hata mwaka 1926 kikapandishwa daraja kuwa chuo maalumu cha kuwafunza wanawake ualimu wa michezo.

Mwanzoni bibi huyu hakuwa mtu wa kupenda rekodi na mashindano. Kwake yeye mazoezi yalikuwa ya afya ya wote, si ya sifa ya mmoja. Lakini alimkuta mwanafunzi ambaye kila alichogusa kilimtii. Mwaka huo huo wa 1924 Kinue aliruka miruko mitatu kwa umbali wa mita 10.33, na hakukuwa na mwanamke ulimwenguni aliyeandikwa kufika hapo. Alikimbia mbio fupi, aliruka, alirusha mkuki, tufe na kisahani. Wanamichezo wa leo huchagua jambo moja wakalishikilia maisha. Huyu aliyashika yote, na hakuna lililomponyoka.

Alipomaliza masomo alifundisha kidogo, kisha mwaka 1926 akaajiriwa na gazeti la Osaka Mainichi. Hapo ndipo alipokuwa mwenzetu. Alikwenda ofisini, akaandika habari, akafanya mazoezi katika saa zilizobaki. Aliandika pia vitabu juu ya maisha yake ya uwanjani, kwa hivyo mengi tunayoyajua juu yake yametoka katika mkono wake mwenyewe.

PEKE YAKE GOTHENBURG

Wakati huo Michezo ya Olimpiki ilikuwa imewafungia wanawake mlango wa riadha. Mwanzilishi wake, Mfaransa Pierre de Coubertin, hakutaka kabisa kuwaona humo. Basi Mfaransa mwingine, mwanamke, Alice Milliat, akaunda shirikisho la wanawake mwaka 1921 na mwaka uliofuata akafanya michezo yao wenyewe mjini Paris. Mara ya pili michezo hiyo ilifanyika Gothenburg, Uswidi, mwezi Agosti 1926.

Japani ilipeleka mshindani mmoja tu. Kinue Hitomi, mwenye miaka 19, alisafiri kwa treni kupitia Manchuria, akaikata Siberia yote hadi Moscow, na kutoka huko akaendelea mpaka Uswidi. Mfikirie, msomaji: msichana wa kijijini, siku juu ya siku ndani ya behewa, hana mwenziwe wa kucheza naye wala wa kumfunga bendeji.

Alipofika aliingia katika karibu kila shindano alilowahi. Aliruka umbali wa mita 5.50, rekodi ya dunia, akampita Mwingereza Muriel Gunn aliyekuwa bingwa wa mchezo huo. Akashinda mruko wa kusimama pasi na kukimbia. Akawa wa pili katika kurusha kisahani, nyuma ya Halina Konopacka wa Poland, na wa tatu katika yadi 100. Hesabu ilipofanywa, yeye peke yake alikuwa na pointi 15, na hakuna mwanamke aliyempita. Bibi Milliat akamkabidhi tuzo ya heshima. Aliyekwenda peke yake akarudi na jina la nchi nzima.

SIKU TATU ZA AMSTERDAM

Kelele za wanawake hatimaye zilisikika. Mwaka 1928, mjini Amsterdam, Uholanzi, riadha ya wanawake iliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, ijapokuwa kwa mashindano matano tu: mita 100, mita 800, kuruka juu, kurusha kisahani, na mbio za kupokezana vijiti. Kuruka umbali, mchezo ambao Kinue alikuwa bingwa wake, na ambao mwezi Mei mwaka huo huo alikuwa amefika mita 5.98, haukuwemo. Ni kama kumwalika mvuvi karamuni kisha ukamwambia bahari imefungwa.

Alikuwa mwanamke pekee katika timu ya Japani. Tumaini lake akaliweka katika mita 100. Tarehe 30 Julai alikimbia nusu fainali, akawa wa nne, akatolewa. Wanaume wa timu wakishindwa, walikuwa na wenzao wa kugawana lawama. Yeye alikuwa peke yake, na aibu ya wanawake wa Japani wote aliiona imemkalia yeye mabegani. Usiku ule alilia. Alijua vizuri mno yatakayosemwa nyumbani: kwamba tulisema, kwamba mwanamke hana kazi uwanjani.

Akaenda kwa viongozi wa timu akaomba aandikwe katika mita 800. Viongozi walishangaa. Hakuwa na mazoea ya kushindana katika mbio hizo. Miguu yake ilizoea kazi ya sekunde 12, na hii ilikuwa kazi ya dakika mbili na zaidi, kazi inayomkata pumzi hata aliyeizoea. Lakini aliomba kwa namna ambayo hawakuweza kumkatalia.

Akapita mchujo tarehe 1 Agosti. Fainali ikawa kesho yake, tarehe 2 Agosti 1928. Wanawake tisa walisimama mstarini. Kinue alitoka kwa kasi kama mtu wa mbio fupi, akaongoza kidogo, kisha akawaacha wenziwe wampite. Katika mzunguko wa pili akaanza kuwarudia mmoja mmoja. Mbele yake alikuwa Lina Radke wa Ujerumani, na Inga Gentzel wa Uswidi. Miguu ilipomgomea, alikumbuka shauri aliloambiwa kabla, kwamba miguu ikikataa basi aitupe mikono, na miguu itaifuata. Akaitupa mikono. Akampita yule wa Uswidi. Kwa Mjerumani hakufika. Radke alimaliza kwa dakika 2 sekunde 16.8, rekodi ya dunia, naye Kinue kwa dakika 2 sekunde 17.6.

Alipovuka mstari alianguka, na macho yakaingia giza. Hakuona hata bendera yake ikipanda. Siku hiyo hiyo, katika uwanja huo huo, mwananchi mwenziwe Mikio Oda alishinda miruko mitatu na kuipatia Japani nishani yake ya kwanza ya dhahabu. Na nishani ya fedha ya Kinue ilikuwa ya kwanza ya Olimpiki kuvaliwa na mwanamke wa Kijapani.

KALAMU ZETU

Sasa tufike pale alipofika mzee wetu wa barazani. Kuanguka kwa wakimbiaji siku ile kuliandikwa na magazeti ya Ulaya na Marekani kama habari ya msiba. Yako yaliyoandika kwamba wakimbiaji walikuwa 11, kwamba watano waliacha njiani, na waliosalia wakaanguka hoi mwishoni. Yako yaliyoonya kwamba mwanamke akikimbia hivi atazeeka kabla ya wakati.

Ukweli ni kwamba walioanza walikuwa tisa, na tisa wote walimaliza. Baadhi yao walilala majanini kuvuta pumzi, jambo linalofanywa na wanaume kila siku na hakuna gazeti linalolilia. Kinue mwenyewe alianguka, hilo si uongo. Lakini alianguka kwa sababu alikimbia mbio asizozizoea, kwa moyo uliojaa aibu ya juzi, siku chache baada ya mbio nyingine. Hakuanguka kwa sababu ni mwanamke.

Wakubwa wa riadha walikuwa wakitafuta sababu, na magazeti yakawapa. Mita 800 kwa wanawake zikafutwa katika Olimpiki. Toka hapo hadi mwaka 1960, mjini Roma, hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kukimbia zaidi ya mita 200 katika michezo hiyo. Miaka 32! Mabinti waliozaliwa siku ile ya Amsterdam walikuwa wamekwisha kuwa mama wa watoto. Mimi ni mwandishi, na sina budi kusema hili nikiwa nimeinamisha kichwa: mlango ule haukufungwa na miguu ya wanawake. Kalamu zetu zilikuwa mkono mmojawapo uliousukuma.

SENTI ZA WASICHANA

Mwaka 1930 michezo ya wanawake ya Bibi Milliat ilikuwa ifanyike Prague, Chekoslovakia. Safari hii Kinue hakutaka kwenda peke yake. Alitaka kuwachukua wadogo zake, ili siku atakayoacha yeye, njia isije ikaota majani. Fedha hazikuwepo. Ndipo wakachangiwa: wasichana wa shule kote Japani walitoa sen 10 kila mmoja, kifedha kidogo tu, na Kinue mwenyewe akazunguka kuhutubia na kuomba. Kwa senti hizo akaondoka na wasichana watano.

Huko Prague, mwezi Septemba, alishinda kuruka umbali kwa mita 5.90, akawa wa pili katika shindano la michezo mitatu, na wa tatu katika mita 60 na katika mkuki. Katika pointi za mtu mmoja mmoja alikuwa wa pili, na timu yake ndogo ikawa ya nne. Kutoka huko wakapelekwa Warsaw, Berlin, Brussels na Paris, mashindano juu ya mashindano, na kila mahali ni yeye aliyebeba sehemu kubwa ya mzigo.

Ungedhani wangerudi kwa ngoma. Lakini meli ilipokuwa njiani, barua kutoka nyumbani ziliwafikia, na ndani yake mlikuwa na maneno ya baridi: mbona hamkushinda zaidi, mbona fedha zetu zimekwenda bure. Wale wadogo walilia. Kinue aliumia kwa ajili yao kuliko kwa ajili yake, maana ndiye aliyewachukua kwa wazazi wao na kuwaahidi dunia.

Waliwasili Japani mwezi Novemba 1930. Mtu mwenye mwili uliochoka hivyo alihitaji kulala mwezi mzima. Yeye alirudi gazetini, na kila alipopata nafasi akasafiri shule kwa shule kuwashukuru wasichana waliotoa senti zao. Kwake mchango ule ulikuwa amana, na mwenye amana hulala siku aliyoirudisha. Sisi tuliosomea chuoni tulifunzwa hilo mapema, mbele ya mbao zetu na wino wa masizi. Yeye hakusoma chuo chetu, lakini alilijua.

TAREHE ILE ILE

Mwili haudanganyiki. Mwezi Machi 1931 alilazwa hospitalini Osaka na ugonjwa wa mapafu. Hakutoka tena. Alifariki tarehe 2 Agosti 1931. Hebu rudi nyuma, msomaji, uitazame tarehe hiyo: ni siku ile ile aliyoanguka na nishani yake Amsterdam, imepita miaka mitatu kamili. Mji wa Prague, ambao alishindana humo mwaka mmoja nyuma, uliweka jiwe la kumbukumbu yake katika makaburi ya Olšany mwaka huo huo. Rekodi yake ya mita 5.98 ilidumu mpaka mwaka 1939.

Wako waliosema wakati ule kwamba michezo ndiyo iliyomuua. Mimi naona alichokwa na mzigo wa kuwa peke yake: peke yake Gothenburg, peke yake Amsterdam, na hata alipokuwa na wenzake, lawama ilimjia yeye peke yake. Ilipita miaka 64 kabla ya mwanamke mwingine wa Japani kupata nishani ya Olimpiki katika riadha. Huyo alikuwa Yuko Arimori, mbio za marathoni, Barcelona, 1992. Naye ni mzaliwa wa Okayama.

Na sisi je? Mwanamke wa kwanza wa Kenya kuleta dhahabu ya Olimpiki alikuwa Pamela Jelimo, mjini Beijing mwaka 2008, akiwa na miaka 18. Mbio zake zilikuwa zipi? Mita 800. Mbio zile zile zilizosemekana kumvunja mwanamke ndizo zilizomfanya binti wa Kenya asimame juu ya wote, na nyuma yake, na nishani ya fedha, alisimama Mkenya mwenziwe Janeth Jepkosgei. Kuhusu sitara, yule aliyeuliza barazani nilimkumbusha Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain, aliyekimbia katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na tena Beijing, akiwa amejifunika kichwa na mwili. Basi swali la nguo lina jawabu, na mzazi ana haki ya kulidai jawabu hilo kutoka kwa walimu.

Jirani yetu alisikiliza yote haya pasi na neno. Adhana ya Magharibi ilipokaribia aliinuka, na ile karatasi bado ilikuwa imekunjwa katika mfuko wa kanzu yake. Sikumshauri atie sahihi wala asitie. Mtoto ni wake. Nilichomwomba ni kimoja: akikataa, akatae kwa sababu yake mwenyewe anayoweza kumweleza bintiye uso kwa uso, asikatae kwa habari ya gazeti iliyoandikwa vibaya mwaka 1928. Mzee wetu naye, aliyekuwa amevaa viatu tayari kwenda msikitini, aligeuka akaniomba nilitaje tena lile jina la binti wa Okayama, polepole, ili siku akisimulia kisa hiki pahali pengine, akisimulie kizima.